Choo cha Wageni

Kila asubuhi kabla ya kengele, wavulana wa darasa la sita walicheza mpira uwanjani, na wasichana wakaenda kuosha vyoo. Ndivyo ilivyokuwa shuleni hapo tangu zamani, wala hakuna aliyeuliza sababu. Wasichana waliosha choo chao, kisha wakaosha na cha wavulana. Mpira ukiisha, wavulana walikimbilia kukichafua upya kabla hata sakafu haijakauka.

Kati ya wasichana hao alikuwapo mmoja aliyeitwa Redio. Nyumbani alikuwa na jina lake, lakini shule nzima ilimwita hivyo kwa sababu alichokisikia mara moja alikitoa kama kilivyo, neno kwa neno. Asubuhi hiyo yeye alibeba ndoo, na rafiki yake wa dawati moja, msichana mrefu mwembamba waliyemwita Twiga, alishika ufagio.

Choo chenyewe cha wasichana tusikipambe. Mlango mmoja uling'oka zamani na mwingine haukufungika. Kuta zilikuwa na michirizi ya kahawia ambayo hakuna aliyetaka kujua imetoka wapi. Shimo lilijaa hata funza wakapanda sakafuni, na nzi walikuwa wengi kiasi kwamba aliyefungua mdomo kuzungumza alijuta. Redio alimwaga maji, akaona funza wanaelea kuelekea vidole vyake, akaruka huku akijizuia kutapika. Kandambili zake zilikuwa zimetoboka.

Twiga yeye alikuwa amejitafutia dawa. Hakunywa chai asubuhi, na hakunywa maji tangu atoke nyumbani mpaka arudi jioni, ili asilazimike kuingia humo. Siku za hedhi hakuja shule kabisa. Hakuwa peke yake. Wasichana wengi walifanya hivyo, na walimu waliandika tu kwamba ni watoro.

Kilichoudhi zaidi ni kwamba hatua chache kutoka hapo palikuwa na choo kingine, kizuri, chenye vigae vyeupe na bomba la maji. Kilijengwa kwa ajili ya wasichana. Lakini siku ya kukizindua, mwalimu mkuu alivitazama vile vigae vinavyong'aa, akaingiwa na hofu kwamba watoto watavichafua. Akatia kufuli. Tangu hapo kikawa stoo ya viti vya plastiki, kikifunguliwa tu akija mtu mkubwa. Watoto walikiita Choo cha Wageni. Shule ilijivunia usafi wake, na kweli kilikuwa safi, maana hakuna aliyekitumia.

Wiki hiyo alitarajiwa mgeni, afisa kutoka makao makuu ya elimu, ambaye angekuja kuona jinsi shule inavyotekeleza usawa wa wasichana na wavulana. Mwalimu wa uraia, mama mpole aliyependwa na wanafunzi, alimchagua Redio asimame mbele ya afisa aeleze historia ya jambo hilo. Redio alifurahi kupita kiasi. Hakuwahi kuchaguliwa kwa lolote isipokuwa kubeba ndoo.

Alijifunza yote. Serikali ya kwanza ya nchi iliwafungulia wasichana milango ya shule, ingawa nafasi nyingi walipewa wavulana. Ya pili iliongeza nafasi, lakini msichana aliyepata mimba alifukuzwa. Ya tatu iliandika usawa kwenye katiba na kuwaruhusu waliojifungua warudi kusoma. Ya nne iliagiza kila shule ijenge choo cha wasichana. Hii ya sasa iliagiza kazi za usafi zigawanywe sawa. Mwishoni alitakiwa kusema, "Na leo, katika shule yetu, wasichana tuna choo chetu safi, na usafi tunagawana na ndugu zetu wavulana."

Redio alikwama hapo. Akauliza ni choo kipi hicho. Mwalimu aligeuza macho dirishani.

"Wewe sema tu, mwanangu," alisema. "Ni maneno ya mgeni hayo. Atasikiliza, atakwenda zake."

Kesho yake, katikati ya somo la hesabu, Twiga alishika tumbo akainama juu ya dawati. Alikuwa anatetemeka, na uso wake ulilowa jasho. Walipomwinua, sketi yake ilikuwa imelowa, na mkojo uliokuwa sakafuni ulikuwa na damu. Mvulana mmoja wa nyuma alicheka. Redio alimtazama kwa kinyaa ambacho hata funza wa chooni hawakuwahi kumtia.

Jioni Redio alikwenda na mama yake zahanati kumwona mgonjwa. Muuguzi aliwaeleza kwamba mkojo ukibanwa kila siku, na mwili usipopata maji, wadudu huzaliana kwenye kibofu na kupanda mpaka kwenye figo. Wa Twiga walikuwa wamekwisha kufika. Angepona, alisema, lakini akirudia mchezo huo figo zitaharibika.

Mama yake Redio alikuwa fundi wa kuandika mabango. Usiku ule alikuwa anamalizia bango la kumkaribisha afisa. Redio alijaribu kufanya mazoezi ya maelezo yake karibu naye, na alipofika kwenye serikali ya pili, mama aliweka brashi chini.

"Mama yako mkubwa alifukuzwa wakati huo," alisema. "Aliyempa mimba alikaa dawati la mbele, akafanya mtihani, akafaulu. Kwenye ukuta wa shule palikuwa pameandikwa kwamba elimu ni ya wote. Nimeandika maneno mazuri ya serikali tatu kwenye ukuta ule. Naandika, jua linayababua, nakuja kuandika mengine, na nyie bado mnakanyaga funza. Natamani kuyatapika."

Redio alimwuliza kama akatae kusimama.

"Mdomo ni wako, siwezi kukuazima wangu. Ila ukiyasema yale, afisa ataondoka ameridhika, na Twiga akitoka zahanati atarudi choo kilekile."

Siku ya mgeni shule iliamka mapema. Mlinzi alitoa viti vya plastiki kwenye Choo cha Wageni, akaweka sabuni mpya, taulo na maua ya bandia. "Funika kombe mwanaharamu apite," alinong'ona, akacheka peke yake. Wavulana walipewa mifagio na kusimamishwa karibu na njia waonekane wanafanya usafi. Mmoja aliushika wake kichwa chini miguu juu, na mwalimu wa zamu akamgeuzia haraka.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani. Aliona vigae, akanusa sabuni, akatikisa kichwa kuridhika. Mwalimu mkuu alikuwa anang'aa kuliko vigae vyenyewe. Kisha, hapo hapo nje ya choo, Redio akaitwa mbele.

Alieleza vizuri, serikali moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwenye neno "leo". Hapo akanyamaza. Mwalimu wa uraia alimsaidia kwa kuchezesha midomo. Redio aliyaona maneno yale, akamgeukia afisa.

"Leo choo hiki kimefunguliwa kwa ajili yako, mheshimiwa," alisema. "Ukiondoka kitafungwa. Cha kwetu ni kile pale nyuma. Rafiki yangu yuko zahanati kwa kuogopa kuingia humo."

Mwalimu mkuu alicheka kicheko kikavu, akasema mtoto ameingiwa na woga, amechanganya. Afisa hakucheka. Alimwomba Redio ampeleke, na mwalimu mkuu alipobaki nyuma, akamgeukia. "Na wewe, mwalimu, twende wote."

Waliingia. Afisa aliziba pua kwa mtandio. Mwalimu mkuu alikanyaga kitu laini, akatazama kiatu chake, akatoka mbio akatapika kwenye maua ya shule. Miaka yote hakuwahi kuingia mle. Alipopata pumzi alisema hakujua hali ni mbaya namna hiyo.

"Hukutaka kujua," afisa alimjibu. "Ulitunza vigae, watoto wakaugua."

Kufuli liling'olewa mchana ule ule, mbele ya wazazi walioitwa, na mwalimu mkuu akaandikiwa barua ya onyo. Choo cha zamani cha wasichana kilifukiwa. Tangu Jumatatu iliyofuata, wavulana waliosha choo chao wenyewe. Wa kwanza kutapika alikuwa yule aliyemcheka Twiga, na hakuna aliyempa pole.

Twiga aliporudi, amekonda, mwalimu wa uraia alisimama mbele ya darasa bila kitabu.

"Wanangu," alisema, "serikali tano zimeandika haki zenu, na sisi watu wazima wa shule hii tukatia kufuli. Mimi nilipita pale kila siku nikiziba pua. Nilijua. Kisha nikamfundisha mtoto aseme uongo ili mgeni aondoke anatabasamu. Uchafu ule ulikuwa mbaya, lakini mbaya zaidi ulikuwa mdomoni mwangu. Ninyi msijizoeze kunyamaza. Sheria nzuri isiyotekelezwa ni ukuta uliopakwa rangi, na mtu anayeona na kusema ndiye anayeifanya iwe kweli. Na kunyweni maji, jamani. Mwili hauna subira."

Kisha akaanza somo. Hakufika mbali kabla ya Twiga kuinua mkono kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Hakuwahi kuomba ruhusa hiyo tangu aanze shule. Mwalimu alimwambia aende, na darasa zima likaendelea kuandika.