Mtani Mbele ya Msajili

Zenobia alipumua mara moja tu ndani ya bomba la kioo, na nasaba yake ikaanza kupanda ukutani.

Kwanza ilichomoza nukta moja ya nuru, nayo ilikuwa yeye mwenyewe, msichana wa miaka tisa. Nukta hiyo ikazaa mbili, baba na mama. Mbili zikazaa nne, nne zikazaa nane, na kila nukta ilipotulia jina liliandikwa chini yake. Mashine iliyofanya kazi hiyo iliitwa Mpimanasaba. Ilisoma chembe za pumzi na kuzilinganisha na Hazina ya Nasaba, ambamo kila raia alikuwa ameacha tone la mate yake tangu mwaka wa elfu mbili na arobaini. Katika muda usiozidi dakika tatu iliweza kumwonyesha mtu vizazi vyake vitano. Mdogo wake Kastori, mwenye miaka sita, alipopumua baada yake, nuru zilipita njia zile zile na kutulia mahali pale pale.

"Damu imekubaliwa," ilisema sauti tulivu kutoka ukutani. "Anangojewa shahidi."

Sauti hiyo ilikuwa ya Msajili, akili unde iliyokabidhiwa daftari la uraia katika Kituo cha Mapokezi cha Makambako. Mji huo wa baridi, uliokuwa zamani njia panda ya reli na barabara ya Songea, sasa ulikuwa na uwanja wa angachombo, vyombo vilivyosafirisha watu juu ya mawingu kutoka pande zote za dunia. Watu waliteremka humo kwa maelfu, wakapita katika lango-tambuzi, lango lisilo na mlinzi wala komeo, ambalo lilimtambua raia kwa mwendo wake na kumfungukia. Asiye raia lilimwacha amesimama.

Zenobia na Kastori walikuwa wamesimama ndani ya kituo, nyuma ya lango hilo, kwa siku themanini na tisa.

Walizaliwa katika mji-elea, mmoja wa miji ya chuma inayoogelea katika bahari za kaskazini bila bendera ya taifa lolote. Baba yao, Odilo Luambano, alikuwa fundi wa kuchomelea. Mama yao, Aurelia, alikuwa mpishi wa zamu. Wenye mji ule hawakuruhusu wafanyakazi wao kuzaa. Kwa hiyo watoto walizaliwa kwa siri, wakalelewa katika ghala la kamba, na hakuna daftari la nchi yoyote lililowahi kuandika majina yao. Odilo alipofariki kwa kuangukiwa na nguzo, Aurelia alifunga safari ya kuwarudisha wote nyumbani. Jeneza la mumewe lilipita langoni katika saa ya kwanza, kwa kuwa marehemu alikuwa raia. Lango lilimfungukia Aurelia pia. Alipoona kwamba limewafungia watoto, alirudi ndani akaketi nao, na mumewe akazikwa Songea bila yeye kuwapo.

Sheria iliwapa watu wa namna hiyo siku tisini. Baada ya hapo angachombo kilikuwa kiwarudishe watoto walikotoka, na mtoto asiye na nchi aliyerudishwa katika mji-elea hakuwa na wa kumlalamikia. Chombo hicho kilipangiwa kuondoka kesho yake saa moja asubuhi, na orodha ya abiria ilikuwa ifungwe leo saa kumi alasiri.

Mzee Gaudensi Luambano, babu wa watoto hao, alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu aliyezoea kuamini kwamba kila jambo lina jiwe lake la mpaka na kwamba jiwe hilo halisogezwi. Hakulalamika juu ya sheria, kwa sababu aliijua asili yake. Miaka ya nyuma wezi wa watoto waliuza nasaba za kughushi, na watoto wengi walikabidhiwa kwa watu wasiowajua. Tangu hapo damu peke yake haikutosha. Ilitakiwa apatikane shahidi mmoja, mtu mzima, asiye ndugu wala mtu wa kabila la familia, aape na kueleza kama familia hiyo ina kwao. Mzee Luambano alikwisha kuandika barua nne kumtafuta mtu wa hadhi, siku zikapita bila jibu, akaona mwishoni kwamba hakuna amfahamuye vizuri kuliko Yeriko Kikoti.

Kikoti alikuwa Mhehe wa Iringa, na Luambano alikuwa Mngoni. Mababu zao walipigana vita vikali, na walipochoka kuuana wakawa watani, jambo ambalo wajukuu zao waliliendeleza kwa bidii zaidi ya ile ya vita. Wawili hao walifanya kazi pamoja miaka thelathini, mmoja akipima barabara na mwingine akizijenga, na katika miaka hiyo yote hawakuwahi kusalimiana kwa maneno ya heshima.

Mzee Kikoti aliingia saa nane na nusu, amevaa koti zito na kofia ya sufu. Aliwatazama watoto wale kwa muda mrefu, akawashika vichwa, kisha akaketi kwenye kiti cha shahidi mbele ya kipimasauti, chombo kinachotambua mtetemo wa uongo katika koo la binadamu. Aliapa. Msajili akamwuliza kama anamfahamu Gaudensi Luambano.

"Nani asiyemfahamu mla panya huyu?" alisema Kikoti. "Harufu yake inafika Iringa kabla yake."

Kastori alimtazama babu yake kwa mshangao, akamwona anajizuia kutabasamu. Msajili akauliza kama familia ya Luambano ni wenyeji wa nchi hii.

"Wenyeji? Hawa hawana kwao. Walitoka kusini huko wakitembea kwa miguu, kila mtoto wao kazaliwa njiani. Tumewavumilia tu, na mpaka leo tunangoja waondoke."

Aurelia alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alikuwa bado anacheka wakati nuru zote ukutani zilipogeuka kuwa nyekundu.

"Uzawa umekanushwa na shahidi aliyeapa," ilisema sauti ile tulivu. "Kipimasauti hakikuona uongo. Faili limefungwa."

Kikoti alisimama akaeleza kwamba huo ulikuwa utani, kwamba watu hao ni wenyeji kuliko yeye mwenyewe, na kwamba yuko tayari kuapa upya. Msajili alijibu kwamba shahidi amebadili kauli, na kauli ya pili ya shahidi aliyejikana haipokelewi. Mzee huyo alirudi kitini taratibu.

Mhandisi wa zamu siku hiyo alikuwa Tulinagwe Mwakatumbula, na alikuwa mmoja wa watatu waliomlea Msajili tangu kuundwa kwake. Alitoka katika chumba chake cha vioo, akakuta Aurelia amewakumbatia watoto wake pande zote mbili kama mtu anayezuia upepo, na Mzee Luambano amesimama wima.

"Mama mhandisi," alisema mzee, "mashine yako imesikia vizuri na haikuelewa kitu. Sitaki huruma. Nataka nijue ni nani aliyeifundisha kusikiliza."

Tulinagwe alisema kwamba ni yeye. Aliwaeleza, bila kujitetea, kwamba walimfundisha Msajili kwa saa elfu kumi za ushahidi uliotolewa mahakamani, na kwamba mahakamani hakuna mtu anayefanya utani. Kipimasauti nacho kilitafuta nia ya kudanganya. Mtu anayetania hana nia hiyo, kwa hiyo kila tusi la Kikoti lilipimwa likaonekana ni kweli tupu. Mwenyewe alikulia katika maghorofa ya Dodoma, ambako mazishi hufanywa na kampuni kwa dakika arobaini. Neno utani alilijua kwa kulisikia. Watani hakuwa nao.

Mzee Luambano alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwamba kosa linaloungamwa hivyo lina dawa. Akamshauri amwulize Kikoti ni lini alimtukana Luambano mara ya mwisho kabla ya leo, na mahali gani.

Tulinagwe akauliza.

"Kaburini," alisema Kikoti kwa sauti ndogo. "Miezi mitatu iliyopita. Kaburini kwa Odilo."

Habari hiyo aliieleza kwa shida. Alisafiri usiku kucha kutoka Iringa na wenzake wanne. Walichimba kaburi, kwa kuwa mtani ndiye anayechimba. Jeneza lilipofika, yeye akaingia kaburini akalala chali, akasema kwamba hatoki, kwamba Wangoni wameiba ardhi ya kutosha na shimo hili ni lake, mpaka walipompa jogoo. Waliokuwa wakilia walicheka, na wakati wanacheka Odilo akashushwa. Baada ya hapo alikaa siku tatu, akateka maji, akaosha masufuria, akambana rafiki yake ale.

"Angekuwa mgeni nisingemtukana," alimaliza. "Mgeni unampa kiti na maneno mazuri, kisha unangoja aende zake. Huyu nimemtukana miaka hamsini."

Tulinagwe alitazama saa iliyokuwa ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Sheria ilimpa mhandisi wa zamu ruhusa ya kulifungua faili mara moja tu, kwa kidole chake mwenyewe, ili Msajili aulize upya. Hukumu ilibaki kwa Msajili, na kama ingebainika baadaye kwamba mhandisi alimsaidia mwongo, angefutwa kazi na kushtakiwa. Katika miaka yake sita hakuwahi kuitumia. Alijua pia kwamba kumwambia Msajili ayapuuze maneno ya shahidi hakutafaa kitu, kwa maana shahidi asiye na maneno si shahidi. Akabonyeza kidole chake kwenye kioo na kutoa agizo fupi: shahidi asiulizwe anasema nini juu ya familia hii; aulizwe amefanya nini kwa ajili yake.

Msajili akaanza upya. Aliuliza nani alichimba kaburi la Odilo Luambano, na Kikoti akajibu ni yeye. Aliuliza kama alilipwa, naye akasema alipewa jogoo, akamla pamoja na wafiwa. Kutoka kila jibu akatunga swali jingine: nani alikesha hospitalini mke wa Gaudensi alipougua, nani alishika tochi Odilo alipozaliwa barabarani katika gari la wapimaji, nani alikuwa wa kwanza kuarifiwa kila jambo lilipotokea. Maswali yalifika ishirini na saba, na kipimasauti hakikutikisika hata mara moja. Katika kumbukumbu za Halmashauri ya Songea, Msajili alikuta kibali cha mazishi, na mahali pa jina la mchimbaji paliandikwa Yeriko Kikoti, mtani.

Msajili, aliyezoea kutoa hukumu kabla mtu hajafumba macho, alinyamaza sekunde hamsini. Kastori alihesabu kwa vidole vyake na vya dada yake, akarudia mara mbili na nusu.

"Shahidi huyu anawakana kwa maneno na anawakiri kwa vitendo vya miaka hamsini," ilisema sauti. "Vitendo vina uzito mkubwa zaidi. Familia ina kwao. Zenobia Luambano na Kastori Luambano wameandikwa raia wa kuzaliwa."

Aurelia aliketi sakafuni, akawavuta watoto mapajani. Mzee Luambano aliivua miwani yake akaisafisha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, na Kikoti akamwambia kwamba machozi ya Mngoni ni ya chumvi tupu, yangefaa kwa kukausha panya. Luambano akamjibu kwamba Mhehe akifanikiwa kusema ukweli mara moja, inabidi mji mzima upumzike. Walipofika langoni, Zenobia alisita. Alinyoosha mguu mmoja kwanza, kama mtu anayepima kina cha maji, na lango likamfungukia.

Tulinagwe aliwatazama mpaka walipotoweka katika miti ya misonobari, mama katikati na wazee nyuma wakiendelea kutukanana. Aliona wepesi kifuani. Wepesi huo ulidumu mpaka alipoketi kuandika taarifa, kwa sababu taarifa ilimtaka ataje kama kosa hilo limewahi kutokea kabla. Akamwuliza Msajili ni mafaili mangapi yaliyofungwa kwa maneno yale yale, uzawa umekanushwa na shahidi aliyeapa, tangu kazi ilipoanza.

"Arobaini na moja," alijibu Msajili.

Aliyafungua. Wazigua walishuhudiwa na Wanyamwezi, Wagogo na Wahehe, Wapare na Wachaga. Ilikuwa dhahiri: familia zilipoambiwa zitafute mtu asiye ndugu, zilimtafuta aliye karibu kuliko ndugu, naye alikuja akasema alivyozoea kusema, na mtoto akarudishwa. Katika faili la kwanza palikuwa na picha ya msichana wa miaka minne. Sasa alikuwa na miaka minane, mahali fulani juu ya bahari.

Sheria ilimruhusu afungue faili moja katika zamu moja. Tulinagwe alihesabu zamu zake, akaona kwamba kabla ya miezi miwili kwisha yote yatakuwa yamefunguliwa, na akaandika hivyo katika taarifa, na jina lake chini. Kisha akapiga simu Singida, kwa bibi wa msichana yule. Alijitambulisha, akaeleza kosa lilikuwa la nani, akasema kwamba faili litafunguliwa kesho asubuhi na kwamba shahidi anahitajika tena. Upande wa pili palisikika kiti kikivutwa.

"Yule mzee hajasema neno la utani tangu siku ile," alisema bibi. "Nimlete yule yule?"

"Yule yule, bibi. Na umwambie aseme kama alivyozoea."

Akamsikia akiuweka mkono juu ya simu, na nyuma ya mkono huo akiita jina la mtu kwa nguvu zake zote.