Wa Ngapi?

Tik.

Sauti moja tu, kavu, kama punje ya mchele iliyoanguka juu ya bati. Nayna akafumbua macho. Upande wa mumewe kitanda kilikuwa baridi, na chumba kizima kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Chini ya nyumba yao Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi, palikuwa na duka lao. Zamani liliuza vitambaa. Serikali iliporuhusu biashara huria, mitumba ya soko la Mchikichini ikawamaliza wauza vitambaa, na mumewe akanunua kompyuta kuukuu, akafungua intaneti kafe. Nayna alimkuta huko, amekaa mbele ya mashine. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu jioni, lakini kioo cha kompyuta kilikuwa kinawaka.

Nayna aliujua ukurasa ule. Ulihesabu watu wote wa dunia, tarakimu zikipanda bila kupumzika: waliozaliwa, waliokufa, walioshinda na njaa. Mwanzoni mumewe aliwaonyesha wateja kwa mzaha, akiwaambia huyo hapo kazaliwa na hamjampa hata hongera. Baadaye akaacha utani. Akawa anatazama tu, chai ikipoa pembeni, akisema akipepesa jicho kuna mtu atapita bila kuonwa na yeyote.

Asubuhi binti yao, Krina, alimshika bega akamwita baba. Akajibiwa kwa sauti ya watu wengi wanaonong'ona pamoja.

"Baba wapo wengi. Wa ngapi?"

Daktari alisema ni uchovu, akamchoma sindano ya usingizi. Mwili ukalegea, midomo ikaendelea kuhesabu. Hakula, hakunywa, mbavu zikatokeza. Awadhi, fundi wa mashine, alichomoa nyaya zote, akakitoa kioo nje. Tarakimu zikahamia ukutani, zikipanda. Awadhi aliwatajia Bibi Hajira, mganga wa Magomeni, akaondoka, na bisibisi yake hakurudi kuichukua.

Bibi Hajira alifika adhuhuri ya siku ya tatu. Alichoma ubani, moshi ukakataa kupanda, ukajikunja chini ya meza. Akaweka sikio kifuani kwa mgonjwa, kisha akamvuta Nayna mlangoni.

"Mama Krina, jini hakumpanda mumeo. Kamchanganya na wale wanaohesabiwa. Humo alimo, hajijui."

"Mtoe, bibi."

"Siwezi. Aitwe jina lake."

Krina akasema jina lipo kwenye leseni, kwenye pasi ya kusafiria, hata kwenye kibao cha mlangoni. Bibi akatikisa kichwa.

"Ya kwenye karatasi kashayahesabu. Limebaki la mdomoni, alilolificha mama yako."

Nayna akakaa chini. Tangu aolewe hakuwahi kulitamka. Mama mkwe alimfundisha kabla hata ya kumwonyesha jiko: mke anayemtaja mumewe kwa jina anampunguzia miaka. Kwa hiyo alimwita "sikia", au "baba Krina", au alikohoa tu. Benki walipomuuliza mumewe anaitwa nani, alimsukuma Krina ajibu.

"Miaka yote hiyo mnaitana kwa kikohozi?" Bibi Hajira aliuliza, bila kucheka.

"Na nikilitaja akafa?"

"Hilo sijui, mwanangu. Najua ukinyamaza, alasiri haitamkuta."

Nayna akainuka akamwendea mumewe, na kadiri alivyosogea kelele za Kariakoo, za wapiga debe na wauza kaseti na wasukuma mikokoteni, zilififia moja baada ya nyingine, mpaka zikabaki tarakimu peke yake, zikikimbia ukutani upesi kuliko jicho, na harufu ya majivu ikamjaa kooni, na alipopiga magoti mbele ya kiti tarakimu zikasimama, zote, na mumewe akageuza uso akamtazama, mdomo wazi kidogo kama mtu anayesubiri kulishwa, na Nayna akatafuta ndani ya macho yale alama yoyote ya mtu aliyezeeka naye, asijue ni nani hasa anayesubiri.

Krina alimnong'oneza mama yake angoje kwanza, pengine anayelisubiri jina ni jini. Lakini mikono aliyoishika Nayna ilikuwa inazidi kupoa. Ulimi wake ulikuwa mzito, kama wa mtoto anayeanza kusema.

"Harilal."