Amri ya Koroga

Haya yalimpata jirani yangu, fundi umeme wa kiwanda cha sabuni.

Shemeji yake, msafishaji, alikataa kurudi ndani ya pipa kubwa la kukorogea. Jana yake mapanga ya chuma yalianza kuzunguka naye akiwa humo, akaponea chupuchupu. Msimamizi akamwambia achague: aingie pipani au afukuzwe kazi.

Fundi akafungua programu kwenye skrini. Kila hatua ya kazi ilikuwa na kisanduku chake, na kisanduku kikizimika, amri yake huisha. Lakini fundi aliyemtangulia aliiandika amri ya KOROGA iendelee hata baada ya hapo, bila kuweka pa kuisimamisha. Jirani yangu akarekebisha.

"Lilikuwa kosa la programu tu," alimwambia shemeji yake.

"Shemeji, mle kuna mtu."

"Basi atanikuta mimi!"

Akakata umeme, akaifunga swichi kwa kufuli, akaingia na kikwanguo. Giza lilikuwa zito, na kila mkwaruzo ulirudi kana kwamba mwingine anakwangua nyuma yake. Kisha chuma kikalia taratibu, kwiii. Panga lilikuwa limesogea, likamwachia wazi upande mchafu lililokuwa limeuziba.

"Sitoki!" alisema kwa sauti. "Leo humu nasafisha mimi, na shemeji yangu hafukuzwi!"

Akakwangua mpaka pakang'aa. Alipomaliza upande ule, panga likasogea tena, likasimama. Akanyoosha mkono alisukume.

Lilikuwa na joto, kama mgongo wa mtoto aliyetoka usingizini.