Siri ya Masikio ya Baba

Kila Jumanne na Alhamisi, Redempta alipotoka shuleni hakwenda moja kwa moja nyumbani kwao Sofu, mjini Kibaha. Alipitia ukumbi wa kiwanda cha nguo, mahali bendi ya wafanyakazi ilipofanyia mazoezi, akaketi kwenye kigoda mbele ya kinanda cha baba yake na kufungua daftari la hesabu. Wanabendi walikwisha kumzoea. Walimwona mtoto mwenye bidii, anayeweza kusoma hata katikati ya kelele za magitaa.

Hawakujua kwamba daftari lile lilikuwa kisingizio tu. Zamu ya baba yake kuimba ilipokaribia, Redempta aliinua penseli. Wimbo ulipokaribia kwisha, aliilaza. Baba alipiga kinanda huku macho yake yakiwa kwenye penseli ile, kwa sababu masikio yake yalikuwa yanakufa.

Baba huyo, Silvanus Chanda, alizaliwa Ndola, Zambia. Katika ujana wake alikuwa mpiga kinanda na mwimbaji wa bendi ya roki, bendi ya vijana walioona fahari madirisha yakitetemeka kwa ukubwa wa muziki wao. Mwaka 1970 alivuka mpaka wa Tunduma akiwa juu ya lori la mizigo, kinanda chake amekifunga ndani ya blanketi. Alipiga muziki katika kumbi za Dar es Salaam mpaka bendi ya kiwanda hicho cha Kibaha ilipomchukua. Alimwoa Laurensia, binti wa wakulima wa Kurui, wilayani Kisarawe, na Redempta alikuwa mtoto wao wa kwanza. Kwa miaka mingi Silvanus alisimama hatua moja tu kutoka kwenye spika, usiku baada ya usiku.

Mlio ulianza mwaka 1981, mwembamba kama wa nyenje, ndani ya kichwa chake. Kisha maneno ya watu yakaanza kupotea. Redempta, wakati huo akiwa na miaka kumi, ndiye aliyegundua kwanza, siku alipomwita baba mara nne akiwa nyuma yake. Silvanus alimketisha chini na kumwomba asimwambie mtu yeyote, hata mama.

"Mimi si mzaliwa wa hapa," alimwambia. "Kibali changu cha kukaa nchini kimetokana na kazi hii. Wakijua, watanitoa kwenye bendi, na nikitoka kwenye bendi sijui tutakwenda wapi."

Redempta aliahidi. Kuanzia siku hiyo akawa masikio ya baba yake. Majirani walipomsalimia Silvanus naye akapita bila kujibu, Redempta alisema baba anakariri wimbo. Watu wakaanza kunong'ona kwamba Mzambia ana kiburi. Mama naye alidhani mumewe amemchoka, maana kila alipoongea naye alijibiwa jambo lingine au hakujibiwa kabisa. Redempta aliona mama akinyamaza zaidi kila mwezi. Alitamani kumwambia, lakini kila alipofungua kinywa alikumbuka ahadi, akakifunga tena.

Kufikia mwaka 1983 penseli haikutosha tena. Silvanus aliimba juu ya sauti ya magitaa au chini yake, na mwenyewe hakujua. Twalibu, kiongozi wa bendi, alikuwa mtu mpole, lakini hata yeye alianza kumkemea. Silvanus alitabasamu na kutikisa kichwa kama aliyeelewa, jambo lililomkera Twalibu zaidi. Redempta aliona yote hayo akiwa pale kwenye kigoda, na hakuwa na la kufanya.

Alhamisi moja jioni mazoezi yalipokwisha, Silvanus alitangulia kutoka huku Redempta akirudisha kigoda ukumbini. Alipotoka nje alimwona baba yake anavuka barabara ya Morogoro, macho yake yako kwenye karatasi ya wimbo mpya. Lori la magogo lilikuwa linateremka kwa kasi. Dereva alipiga honi. Silvanus alisimama katikati ya barabara, akageuza karatasi asome upande wa pili.

Redempta aliita. Aliita tena na tena huku akikimbia, akijua kabisa kwamba kuita hakusaidii kitu, na kwamba hatua zilizobaki ni nyingi kuliko muda uliokuwapo. Dereva alikata usukani. Lori lilipita karibu na bega la Silvanus na kuingia mtaroni kwa kishindo. Silvanus alishtuka tu alipoliona vumbi.

Dereva, mtu wa makamo aitwaye Kondo, alishuka akiwa na damu usoni. Alimwendea Silvanus kwa hasira na woga, akamwuliza kama alitaka kufa au alitaka kumwua yeye. Silvanus alitazama midomo yake, akakisia, akatabasamu.

"Salama, ndugu," alijibu. "Habari za safari?"

Wanabendi walikuwa wamekwisha kufika mbio. Twalibu alishika kichwa kwa aibu. Kondo aliinua mkono kama anayetaka kupiga. Silvanus alimtafuta binti yake kwa macho, na Redempta alielewa anaombwa nini. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: baba ana homa, baba hakulala. Lakini aliitazama damu iliyokuwa ikichuruzika hadi kwenye kola ya Kondo, akashindwa kuutoa.

"Baba hasikii," alisema. "Hasikii tangu mwaka juzi. Mimi ndiye ninayemsikilizia."

Kondo alishusha mkono wake.

Jioni hiyo mama naye alielezwa yote, na wiki iliyofuata walikwenda wote watatu kwa daktari wa masikio, Dar es Salaam. Daktari alimpima Silvanus kwa muda mrefu, kisha akazungumza na mama. Alisema kelele za spika zimeharibu mishipa ya kusikia, na hakuna dawa ya kuirudisha. Angekuja miaka miwili iliyopita na kukaa mbali na spika, uwezo wa kusikia uliokuwa umebaki ungeokolewa kwa kiasi kikubwa.

Silvanus, ambaye hakuwa amesikia chochote, alimgeukia Redempta kama alivyozoea. Redempta alitoa penseli yake ili amwandikie. Mama aliichukua penseli mkononi mwake taratibu.

"Hii si kazi yako, mwanangu," alisema, akaandika yeye mwenyewe. Silvanus alisoma, akaikunja karatasi mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama punje ya hindi.

Twalibu alikuja nyumbani siku chache baadaye. Aliketi mbele ya Silvanus, akasema polepole ili midomo yake isomeke. Alimwomba radhi kwa kumkemea. Alikuwa amekwenda ofisini kumwombea kazi katika ghala la nyuzi, mahali pasipo na mashine, na ofisi ilikubali. Kibali chake kingeendelea. Lile alilolihofia kwa miaka miwili halikutokea. Lakini kinanda kilipata mpigaji mwingine, na Silvanus hakuingia tena ukumbini.

Likizo ya Desemba familia ilikwenda Kurui. Ndugu wa mama walikuwa wamekaa uani wakimenya mihogo. Silvanus alimvuta Redempta kando, hatua tatu hivi, ili amwambie jambo la wao wawili tu. Lakini alikuwa hawezi tena kuipima sauti yake, na alipodhani ananong'ona, ua mzima ulimsikia.

"Nilikukosea, Redempta. Nilikupa mzigo wa mtu mzima nikakuita mtoto mwema kwa sababu uliubeba. Ugonjwa ukifichwa hautibiwi, na mtoto hapaswi kuombwa aufiche. Mtu yeyote akikuomba utunze siri inayomwumiza, hata kama ni mimi, mwambie mtu mzima mwingine siku hiyohiyo. Hutakuwa umemsaliti."

Visu vilikuwa vimetulia mikononi mwa ndugu wote. Mama aliinamisha uso. Silvanus aliendelea kumtazama binti yake, hajui kwamba wote wamesikia, akingoja jibu.

Redempta alitikisa kichwa kukubali, polepole, ili baba aone vizuri.