Medali ya Mtu wa Oltepesi

Wazee wengine wa Kitengela walikusanya ng'ombe. Mjomba wangu Mbuvi alikusanya medali, zile za ukumbusho zilizouzwa zamani kwenye maonyesho makubwa ya dunia, huko Paris, Chicago na Brussels. Alikuwa amestaafu kazi ya posta, na kwa miaka mingi aliandikiana barua na wazungu wenye ugonjwa kama wake. Kila medali ilikuwa na bahasha yake: mji, mwaka, na jina la mwenyewe wa kwanza. Akimaliza kuandika, alisoma yote kwa sauti kama karani wa korti. Nilimcheka sana, Mungu anisamehe.

Mwaka wa 1998 alienda Oltepesi kumwona bibi mmoja aliyeitwa Naipanoi. Medali ya bibi huyo ilikuwa ya shaba, imetobolewa na kutiwa kwenye shanga. Babu yake alipelekwa Ulaya kwa meli, akawekwa ndani ya ua wa maonyesho, watu wakalipa kumtazama akila na akilala. Alifia huko huko. Kilichorudi ni medali peke yake.

"Beba tu, mzee," Naipanoi alimwambia. "Lakini hilo jina liko hapo kando, usiliseme. Sisi hatuitangi mtu akishaenda."

Alimpa bure. Mimi hapo tu ningeshtuka.

Lakini kwa mkusanyaji, medali isiyo na jina ni nusu medali. Asubuhi iliyofuata mjomba aliketi dirishani, akalisoma jina lililokwaruzwa ukingoni, akaliandika, kisha akalitamka. Mkewe, anti Mutindi, aliniambia alilitamka mara tatu, kwa sababu Kimaasai chake kilikuwa kibovu na alitaka alipate sawasawa.

Kesho yake saa nne asubuhi, kioo cha dirisha kilijaa alama za viganja na pua. Kwa nje. Anti akapangusa. Saa tano zilikuwa zimerudi, nyingi zaidi. Nje hapakuwa na mtu, ni mbuga tupu na upepo. Saa kumi na mbili jioni zilikoma. Siku iliyofuata, saa nne, zikaanza tena.

Wiki ya pili anti aliniita. Nilimkuta mjomba kitini, amekonda. Alikuwa akila ugali. Kila tonge aliliinua juu kwanza, akilionyesha dirisha. Akageuka upande mmoja. Akangoja. Akageuka upande wa pili.

"Anko, unafanya nini?"

"Nyamaza, Celine," alinong'ona. "Leo wako wengi."

Niliogopa. Sina neno lingine. Kioo kilikuwa kikishika ukungu wa pumzi, hapa, pale, na chini kabisa, kwa kimo cha mtoto.

Tulimfungia kwa kufuli, tukakimbiza medali Oltepesi. Naipanoi hakuigusa.

"Mlimwita, akakuja," alisema. "Amechoka kukaa huko. Sasa mzee wenu amekalia hiyo nafasi yake."

"Atatoka aje?" anti akauliza.

"Mpaka mwingine akae."

Tuliporudi, kufuli lilikuwa vile vile. Kiti kilikuwa kitupu. Chini ya dirisha udongo ulikuwa umekanyagwa na viatu vya visigino, na kutoka ukutani zilianza nyayo za mtu mmoja, miguu mitupu, kubwa kuliko za mjomba, zikielekea upande wa Oltepesi.

Nilimsihi anti ahamie kwangu Embulbul. Alikubali kwa mdomo tu. Siku ya kuhama niliingia kuchukua godoro la mwisho, nikamkuta kwenye kile kiti cha dirishani, amevaa nguo ya kanisa.

"Anti, twende."

"Enda, mama. Nataka bwanangu arudi."

Nilimvuta mkono. Haukuvutika. Ikafika saa nne.

Nilikimbia. Naibeba aibu hiyo mpaka leo.

Jioni mjomba alionekana barabarani, peku, akitembea. Anti hatujamwona tena.

Sasa ni 2003. Nyumba ile nimeifunga, ufunguo ninao mimi. Mjomba hunilazimisha nimpeleke, asimame nje ya dirisha, viganja kwenye kioo, kuanzia saa nne. Ndani mimi naona kiti tu. Jana alinigeukia.

"Amekonda," akasema.

Alipoondoa mkono niliona alama ya kiganja kingine, kimegusana na chake, kwa ndani. Kilikuwa na ugali, bado haujakauka.