Mke Wangu Ananong'ona

— Ulikuwa unanong'ona na nani kwenye simu?

Winifrida aliziba masikio kwa viganja kabla ya kunijibu. Ilibidi asogee karibu na kurudia mara tatu kwamba ni mama yake, wa Kasulu, na kwamba hakunong'ona. Uongo mtupu. Nilikuwa hatua nne kutoka kwake na sikuambulia hata neno moja.

Mimi nina mashine ya kusaga hapa Kibondo, mwaka wa tisa sasa. Mke wangu haikaribii. Mlio wake unampa kipandauso, anatapika, anajifungia chumbani na mapazia yameshushwa. Hata sufuria ikianguka anashtuka. Mwanzoni nilimhurumia. Siku hizi najiuliza, mwanamke anayekimbia kelele anakimbilia utulivu wa nani? Wivu ukaniingia. Zamani nikirudi alikuwa na maneno matamu, sasa naona midomo inacheza tu, najua ananisema.

Nikamwita dada yangu Kezia kutoka Kabanga. Kazi yake ilikuwa moja, kukaa sebuleni na kusikiliza Wini akishika simu. Akimnasa, Wini anarudi kwao siku hiyohiyo. Kezia hajawahi kumpenda wifi yake, kwa hiyo nilijua hatamfichia siri.

Jumamosi mchana nilikuja kula. Simu ya Wini ikaita, akaipokea palepale mlangoni. Midomo ikaenda na mimi sikusikia kitu. Nikamgeukia Kezia.

— Umeona anavyonong'ona?

Kezia alikuwa analia. Akaniinamia sikioni.

— Kaka, anaongea kama mimi na mtu yeyote. Nimesikia yote. Anamwambia mama yake kwamba husikii tena, na akikueleza unagomba.

— Mimi nasikia vizuri.

— Tangu nimefika hujaongea, kaka. Unapiga kelele tu, na mwenzio zinamuumiza.

Nikamtazama mke wangu mlangoni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilikuwa nimebakiza kumpa nauli tu nimfukuze, kwa kosa la masikio yangu.

Wini alikata simu. Aliinamia simu yake, akaandika. Yangu ikatetemeka mfukoni.

"Kila ukirudi kutoka mashineni nakwambia nakupenda. Mwaka wa pili huu hujanijibu."

Nilifungua mdomo, nikakumbuka kichwa chake. Nikaandika jibu kwa vidole vyenye unga, nikalituma mara mbili, moja kwa kila mwaka.