Kiganja Nyuma ya Jiko

Agathe aliiona alama ile asubuhi moja alipoingia jikoni kuchemsha chai. Ilikuwa alama ya kiganja cha mtu, vidole vyote, imepigwa kwa mafuta ya mawese kwenye ukuta mweupe nyuma ya jiko la umeme. Alidhani ni mumewe, Cyprien, aliyepapasa ukuta akitafuta swichi. Akachukua sabuni na jivu, akasugua mpaka chokaa ikaanza kubanduka. Kesho yake kiganja kilikuwa pale pale, ila sasa kimepanda juu kidogo, kuelekea swichi.

Nyumba ile ya mtaa wa Songo, mjini Uvira, waliipata baada ya uhuru. Mzungu aliyekuwa akiishi humo alivuka ziwa bila kuaga, na Cyprien, karani wa bandari ya Kalundu, akakabidhiwa ufunguo. Majirani waliwaonea wivu kwa ajili ya jiko la umeme. Agathe mwenyewe hakulipenda. Swichi yake, kubwa na nyeusi, yenye kipini cha kusukuma juu na chini, ilifungwa ukutani nyuma kabisa, juu ya sahani ya chuma ya kupikia iliyo kubwa kuliko zote. Ukitaka kuzima, huna budi kuinama juu ya sufuria zinazochemka, mvuke ukupige usoni, unyooshe mkono kupita juu ya moto. Vitenge vyake karibu vyote vilikuwa vimeungua pindo.

Kisha waasi wakaingia Uvira, majani vichwani, wakiimba kwamba risasi zikiwapiga zitageuka maji. Bandari ikafungwa. Umeme ukakatika mji mzima. Agathe akahamishia upishi uani, kwenye mbabula, jiko dogo la makaa, na moyoni alishukuru.

Siku moja, jua la adhuhuri likiwa limetulia juu ya mapaa, alikuwa akikaanga ndagala, dagaa wa ziwani, pale uani aliposikia harufu ya nywele zinazoungua. Akajishika kichwa. Akamwangalia binti yake, Georgette, mtoto ambaye bado hajafika umri wa shule, aliyekuwa akichezea majivu. Nywele za mtoto zilikuwa salama. Harufu ilitoka jikoni.

Aliingia polepole. Sahani kubwa ya jiko ilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Swichi ilikuwa chini, imezimwa. Na nyuma ya jiko, kwenye ukuta usio na mtu, palikuwa na sauti: paa... kimya... paa... kama kipofu anayetafuta mlango kwa kiganja.

Cyprien aliporudi, Agathe alimvutia pembeni.

"Baba Georgette, iko muntu mu jiko."

"Muntu gani?"

"Simuoni. Nasikia tu mukono yake."

"Weye umechoka," Cyprien alisema, naye akinong'ona bila kujua kwa nini. "Umeme hakuna mu muji muzima. Jiko itawaka na nini?"

"Minye sijui. Nenda uishike mwenyewe."

Alikwenda. Akarudi akipuliza vidole.

Aliyewafumbulia jambo hilo ni jirani yao, mama Honorine, ambaye zamani alikuwa akimfulia nguo Mzungu yule. Alizungumza kwenye ua wa matete, akigeuka kila mara kuangalia nyuma.

"Kumbe hawakuwaambia habari ya Firmin?"

"Firmin ni nani?"

"Alikuwa mupishi. Ile swichi ilimusumbua sana. Alimuomba bwana aihamishe, aiweke karibu na mulango. Bwana akakatala, akasema hataki waya zionekane ku ukuta yake. Siku moja mafuta ikashika moto mu sufuria. Firmin akanyoosha mukono azime. Shati ikawaka, sufuria ikamumwangikia. Tulimukuta amelala juu ya jiko, mukono ingali inapapasa ukuta."

"Akafa?"

"Akafa, mama Georgette. Na swichi hakuifikia."

Tangu siku hiyo Agathe alifunga mlango wa jikoni kwa kamba, na kamba ikawa inafunguka. Alisogeza kabati mbele ya mlango, na kabati likakutwa limesukumwa kando, sakafu imekwaruzwa. Alama za viganja zilikuwa zimepanda ukutani moja juu ya nyingine kama ngazi, na ya mwisho ilibakiza upana wa kidole kufika kwenye swichi. Wangehama, lakini wangekwenda wapi? Barabara ya kusini ilikuwa na vizuizi, ya kaskazini hivyo hivyo, na mashua za Kalundu zilikwisha kuchukuliwa na waasi.

Jioni moja, kabla giza halijaingia, Agathe alimwita Georgette aje kula, asiitikiwe. Akamtafuta uani, akamtafuta chumbani, akachungulia kwa Honorine, na pale ndipo harufu ile ilipomfikia, nywele na mafuta na nguo mbichi inayofuka moshi, akakimbia huku akiliita jina la mtoto, akaukuta mlango wa jikoni uko wazi, na Georgette amesimama juu ya kigoda, tumbo limegusa ukingo wa jiko, mkono wake mdogo umenyooshwa juu ya sahani nyekundu, umenyooka kuliko mkono wa mtoto unavyoweza kunyooka, kama kwamba yuko mtu upande wa pili wa ukuta aliyemshika vidole na kuvuta taratibu, bila haraka, naye mtoto halii, anatazama tu.

Alimkumbatia kiunoni akamvuta kwa nguvu zake zote. Walianguka sakafuni pamoja. Chini ya kwapa la mtoto ngozi ilikuwa imevimba malengelenge, na ndipo sasa Georgette alipoanza kulia.

Cyprien alisikia kilio akaja mbio. Alipoona ule mkono, woga wake wote uligeuka hasira. Alishika nyundo akainama juu ya jiko ili aing'oe swichi.

"Acha!" Agathe alipiga kelele. "Baba Georgette, acha!"

Nyundo ilianguka. Cyprien alibaki ameinama, akatetemeka mwili mzima, kisha akateleza mpaka chini. Alipofumbua macho, hakuwa akimtazama mkewe. Kiganja chake cha kulia kilianza kupiga ukuta. Paa. Kimya. Paa.

Usiku ulipita hivyo. Kulipopambazuka Agathe alimwachia Honorine mtoto, akashika njia ya uwanda wa Ruzizi kwenda Nyakabere, kwa bibi mmoja aitwaye Kankindi, aliyejulikana kwa kuwatibu watu walioshikwa na pepo. Kwenye kizuizi kijana mwenye mkuki alimuuliza anakwenda wapi. "Bwana yangu anakufa," alijibu, na pengine uso wake ulikuwa ushahidi wa kutosha, maana walimpisha. Kankindi alimsikiliza mpaka mwisho, akavaa rozari yake, akafunga majani kwenye kitambaa, wakaondoka.

Jikoni, bibi huyo hakutangulia kumshika mgonjwa. Alilitazama jiko kwanza, kisha swichi, kisha zile alama. Akanyunyiza maji yenye majani, akaketi sakafuni karibu na Cyprien.

"Weye ni nani?"

Sauti iliyotoka kinywani mwa Cyprien ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyemeza moshi. "Minye ni mupishi."

"Unataka nini mu nyumba ya wantu?"

"Nizime."

"Zima basi, uende."

"Haifiki." Kiganja kilipiga ukuta kwa nguvu zaidi. "Mukono haifiki. Haifiki. Haifiki."

Kankindi alikitazama kile kiganja. Kisha akamgeukia Agathe. "Huyu hapigani na sisi, mwanangu. Anafanya kazi yake. Tafuta muntu wa waya, aitoe hii kitu hapa, aiweke pahali mukono inafika."

Mtu wa waya alikuwa Mathieu, fundi aliyeishi Kalundu. Alifanya kazi mgongo wake ukiwa mlangoni ili aweze kukimbia. Aliing'oa swichi pamoja na prizi, tundu la plagi lililokuwa chini yake, akavuta waya pembeni kufuata ukuta, mbali na moto, mbali na beseni la maji, akaifunga karibu na mlango, usawa wa kiuno, kipini kikiwa juu. "Hapa muntu anazima bila kupita juu ya sufuria," alisema kwa sauti ndogo, kama anayemweleza mtu ambaye hakutaka kumtazama. Muda wote huo sahani iliwaka nyekundu, ingawa waya zote zilikuwa mikononi mwake, zimekatwa.

Alipokaza parafujo la mwisho, Kankindi alimshika Cyprien kwapani, Agathe akamshika upande wa pili. Walimwinua. Alikuwa mzito kama watu wawili. Walimwongoza hatua kwa hatua mpaka mlangoni, na kiganja chake kikapapasa ukuta mpya, kikapita juu, kikarudi, kikagusa swichi.

Kilitulia hapo. Agathe alisikia pumzi ndefu, kavu. Kisha vidole vikashika kipini, vikakishusha.

Ta.

Sahani ilififia, ikawa nyekundu ya damu, ikawa kijivu, ikawa nyeusi. Harufu ikakatika. Kitu fulani kikampita Agathe pale mlangoni, chenye joto, kikigusa kitenge chake kama mtu anayeomba njia. Cyprien akalegea mikononi mwao.

"Nipe maji," alisema, na sauti ilikuwa yake.

Nyumba ilikaa kimya miezi yote iliyobaki ya uasi. Jeshi la serikali lilipouteka mji tena, afisa mmoja aliitaka nyumba ile, nao wakatolewa mchana huo huo na mafurushi yao, wakaenda kupanga chumba Kalundu. Umeme ulirudi. Agathe akakumbuka sufuria zake alizoziacha, akaenda kuziomba.

Mke wa afisa, mwanamke mchangamfu aitwaye Charlotte, alimkaribisha hadi jikoni. Ukuta wa karibu na mlango ulikuwa umepakwa chokaa upya. Kabati jipya la vyombo lilisimama pale, na jikoni sufuria ya mafuta ilikuwa motoni.

"Swichi iko wapi?" Agathe aliuliza.

"Bwana yangu ameirudisha pahali yake ya zamani, nyuma ya jiko. Waya zilikuwa zinachafua ukuta." Charlotte alicheka, kisha akasogea, akapunguza sauti. "Mama, nikuulize kitu. Weye umekaa humu. Nani anapigapiga huu ukuta?"

Kabla Agathe hajajibu, sufuria ya mafuta ilifoka, ndimi za moto zikaruka, na Charlotte akageuka upesi, akainama juu ya jiko, akanyoosha mkono azime. Agathe alimdaka kifundo cha mkono akavuta kurudi nyuma. Mkono haukurudi. Upande wa pili, juu ya moto, alikuwapo mwingine aliyeushika, akivuta taratibu, bila haraka.

Agathe alikanyaga sakafu kwa visigino, akafumba macho, hakuachia.